Ganda Moja Kwenye Debe

Kwenye chama cha wawindaji walimwita Saa Moja, na jina likamganda. Kwa miaka thelathini na minne, mvua inyeshe, jua liwake, saa moja kamili asubuhi alikuwa porini akikagua mitego yake ya waya. Sheria iliruhusu waya kwa nguruwe pori, mradi mtego uwe na kibati chenye namba ya mwenyewe na ukaguliwe mara moja kwa siku. Wengine walikagua walipokumbuka. Yeye hakukosa hata siku waliyomzika mkewe.

Mchana alikuwa fundi baiskeli. Nyaya za breki zilizochoka ndizo alizosukia vitanzi, ameketi kwenye kigoda, goti la kulia limenyooshwa mbele kama mguu wa meza. Goti hilo ndilo lililomwachisha bunduki. Mwenye bunduki humfuata mnyama. Mwenye waya humngoja. Bila waya, uwindaji wake ungekwisha, na hakuna asiyelijua hilo.

Ndiyo maana hoja ya binti yake iliwachoma watu: chama kiache waya kabisa, hata kama sheria inaukubali. Binti huyo aliwinda kwa bunduki aliyorithi kwa baba goti lilipogoma.

"Ulinifundisha mwenyewe, Baba," alisema siku alipoileta barua ya hoja kwenye karakana. "Mnyama asijue kilichompata."

"Na akikukimbia na risasi tumboni, anajua au hajui?"

"Namfuata mpaka nimpate."

"Yule dume wa mwaka jana ulimpata?"

Binti akawa anazungusha gurudumu la baiskeli ya mteja.

"Basi usinihubirie, mama. Wangu hunaswa alfajiri, wakienda kunywa maji. Saa moja nimefika. Taabu ya nusu saa, yamekwisha."

Aliliamini hilo kama mtu anavyoliamini paa la nyumba yake.

Kisha ikaja Jumatatu. Alifika kwa wakati wake, akamkuta nguruwe jike amenaswa mguu. Udongo ulikuwa umelimwa duara zima, mizizi imetafunwa, waya una alama za meno. Kilichomsimamisha ni nyayo. Alama za viatu vyake za jana yake zilikuwa chini ya kwato, zimekanyagwa na kukanyagwa tena, na udongo wa juu umeshakauka kwa jua la mchana. Nguruwe alinaswa jana hiyo hiyo, pengine yeye akirudi nyumbani hajafika hata barabarani. Siku nzima na usiku kucha. Akammaliza, akaketi chini, goti likakataa kuinuka.

Sheria haikuguswa hata ukucha, na hilo ndilo lililomnyima pumzi. Angekuwa amechelewa, angetubu kuchelewa. Sasa atubu nini? Watunga sheria walipoandika "mara moja kwa siku" hawakumuuliza anayekaa ndani ya hiyo siku. Akisema, anajikata mkono mwenyewe. Asiposema, kila asubuhi atalikuta lile duara, hata pale ambapo halipo. Akaamua mdomo ukae kimya, kura iseme.

Jumapili mchana walikutana ukumbini, watu kumi na wawili. Kura yao ilikuwa na desturi yake: kila mtu hupewa ganda la risasi na pete ya waya. Ganda ni ndiyo, pete ni hapana. Hutumbukiza kimoja kwenye debe, kingine hubaki mfukoni. Pete zote alizikunja Saa Moja, kama miaka yote.

Muuza nyama akasimama kwanza. "Ng'ombe wangu nao hawafi wakicheka, ila supu mnakunywa. Tusidanganyane. Tukiutoa waya tumemtoa Saa Moja. Nani hapa ana roho hiyo?"

Debe likazunguka. Mwenyekiti akalimwaga mezani: pete kumi na moja, ganda moja.

"Haya, binti," mwenyekiti akasema akitabasamu, "umebaki peke yako kama nguzo ya simu."

"Baba yako mzazi," muuza nyama akadakia. "Wewe mtoto hata aibu huna?"

Binti hakujitetea. Alitulia kama alivyofundishwa kutulia kichakani, akamtazama baba yake. Saa Moja akaelewa. Mwenye hoja mwenyewe alikuwa ametia pete, kwa ajili yake.

Akajiinua kwa kushika meza. "Lile ganda ni langu."

Wakacheka. "Mzazi ni mzazi," mwenyekiti akasema. "Keti, mzee wangu, usimfichie mtoto."

Akatia mkono mfukoni, akaiweka pete yake juu ya meza. Binti naye, taratibu, akaweka ganda pembeni yake.

"Sasa mzee," muuza nyama akasema kwa sauti ya chini, "sisi si tumekupigania wewe?"

"Najua. Ndiyo shida yenyewe."

"Kwani kumetokea nini?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma yao, lakini kwa goti lile asingeufikia kabla hawajauliza tena. Akamtazama binti yake, akaketi.

"Jumatatu," akasema, "nilifika saa moja kamili."