Mama Mto na Kiti cha Twiga

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Katika yadi ya kampuni moja inayosambaza sabuni na maji ya chupa, mwanamke mfupi mwenye koti la bluu anasimama chini ya mlango wa lori lake kuukuu na kurusha mto juu. Mto unatua kwenye kiti. Kisha anashika chuma cha mlangoni kwa mikono miwili, anainua mguu wa kulia mpaka goti linakaribia kidevu, anasita kidogo, anajivuta.

"Mto kwanza, mimi baadaye," anasema akishakaa. Jasho limemtoka na injini bado haijawaka. "Siku nikitangulia mimi, barabara nitaisikia tu, sitaiona."

Ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Mto. Karani mpya alipoajiriwa alidhani anaitwa hivyo kwa kuwa anakaa kando ya mto, akamwuliza kama kwao kuna samaki wa bei nafuu. Kicheko cha siku hiyo hakijaisha mpaka leo.

Kimo chake hakifiki futi tano. Lori hili ameliendesha miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo limekuwa likimwambia kwamba halikutengenezwa kwa ajili yake. Ngazi ya kwanza iko usawa wa paja. Kiti kiliganda kabla yeye hajaajiriwa. Hakipandi, hakishuki, hakisogei mbele. Kwenye klachi amefunga kibao kwa mpira wa tairi ili mguu ufike. Swichi ya feni iko mbali, anaiwasha kwa kipande cha mpini wa ufagio.

Klachi yenyewe ni nzito. Akiikanyaga inabidi ajiinue kidogo kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli. Katika foleni ya magari anafanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba ameacha kuhesabu, na nyonga yake ya kushoto imeanza kumlipa kwa maumivu.

Daktari amemwambia aache kupanda vitu virefu na aache klachi. Msimamizi wa yadi, mwanaume mtulivu ambaye madereva humwita Mwalimu kwa sababu husema kila jambo mara mbili, naye amemwambia lake: mwezi ujao ahamie getini. Mshahara utapungua kwa robo, na posho ya safari itakwisha.

"Getini kuna kiti, kivuli na redio. Watu wananipongeza," anasema, akikaza mkanda. "Wananipongeza kwa lipi? Mimi ni dereva. Nikae pale niwafungulie wenzangu, wao wanapita wananipigia honi? Hapana, mwanangu. Bora nyonga iume."

Anawasha injini. Lori linatetemeka lote, na yeye anatetemeka nalo. Lakini macho yake hayako mbele. Yanatazama kioo cha pembeni, kule chini ya banda, ambako lori jeupe limesimama kimya likinywa umeme.

"Liangalie lilivyolala," anasema. "Kama bibi harusi."

Ni lori la umeme, la kwanza katika yadi hiyo. Lilipofika, madereva wote walitoka nje, wakalizunguka, wakagonga tairi. Mafundi wa kampuni iliyoliuza walikuja kufundisha siku moja tu. Siku hiyo Mama Mto alikuwa safarini. Aliyekuwepo ni dereva mwenzake, Twiga, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika na yeye akabaki yadini akicheza karata. Akafundishwa, akakabidhiwa.

Twiga ni mrefu kama jina lake. Lori lolote analipanda kama mtu anayevuka kizingiti. Hilo ndilo linalomkera Mama Mto kuliko yote.

"Angepewa mwenye shida ningenyamaza," anasema. "Lakini Twiga! Mtu ana miguu mpaka mabegani! Yeye ngazi fupi ya nini? Ni kama kumnunulia kipara chanuo."

Wivu wake haufichi. Akiulizwa, anajibu kabla swali halijaisha. "Ninao. Tena andika hivyo hivyo, usipambe. Ninao wa kula na kusaza."

Nyumbani pia unajulikana. Mumewe, fundi cherehani ambaye ndiye humshonea foronya za mito yake ya kazini, anasema mkewe huanza kulizungumzia lori lile kabla hajavua viatu.

"Tumeoana tukiwa vijana," anasema, akipitisha uzi kwenye sindano. "Hajawahi kunionea wivu hata siku moja. Nilikuwa nashonea wanawake wazuri, nawapima viuno, yeye anapita tu anauliza chai iko wapi. Leo anakosa usingizi kwa ajili ya gari! Ningejua ningezaliwa lori."

"Wewe betri yako ilikwisha zamani," mkewe anajibu kutoka jikoni.

Mumewe anacheka mpaka anavua miwani. Kisha anaivaa tena na kuongeza kwa sauti ya chini kwamba usiku mke wake hawezi kulalia ubavu wa kushoto.

Kinachoshangaza ni jinsi Mama Mto anavyolijua gari ambalo si lake. Analieleza kwa mpangilio, kama anayesimulia chumba cha jirani alichokichungulia dirishani. Ngazi zake ni pana, unaweka unyayo mzima, na ya kwanza iko chini karibu na ardhi. Mlango unafunguka wazi kabisa. Chuma cha kushika kimeshuka mpaka usawa wa kiuno, kwa hiyo mtu hajitundiki kama nguo kwenye kamba. Ndani hakuna klachi wala gia ya kuvuta. Vitufe vya feni, redio na taa viko kwenye usukani, vimechongwa kila kimoja na umbo lake ili kidole kivijue bila jicho. Kiti kinapanda, kinashuka, kinasogea.

"Na usukani nao unakuja," anasema. "Huufuati. Unakuja wenyewe kukuamkia."

Aliyajuaje yote hayo? Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeuliza.

Huenda waliolichora lori hilo hawakumfikiria mwanamke mfupi mwenye nyonga mbovu. Huenda walimfikiria mzee, au mtu aliyevunjika mguu, au walitaka tu kazi hii isimfungie mtu yeyote nje. Vyovyote iwavyo, mlango waliuacha wazi. Uliofungwa ni wa yadi.

Siri ilitoka mchana mmoja, na aliyeitoa ni Twiga mwenyewe, kwa kosa ambalo dereva wa lori pekee ndiye angeweza kulifanya.

Kwenye mlango wa lori lile, karibu na kioo, kuna vitufe viwili vyenye namba. Kila kimoja hukumbuka kiti cha dereva mmoja. Ukibonyeza namba yako, kiti na usukani vinarudi mahali ulipoviacha. Namba ya Twiga ilikuwa moja. Mbili hakuwahi kuigusa, maana gari lilikuwa na dereva mmoja.

Siku hiyo alikuwa ameshusha mzigo wote pale yadini, anaondoka na gari tupu. Sasa, kila aliyeendesha malori ya zamani anajua kwamba likiwa na mzigo unaondokea gia ya kwanza, na likiwa tupu unaondokea ya pili. Twiga amefanya hivyo tangu ujana wake. Alikuwa anapiga soga na wapakiaji dirishani, anataka kuondoka, gari tupu. Kidole kikaona namba. Kikabonyeza mbili.

Kiti kikaanza kupanda. Kikasogea mbele, taratibu, bila kelele. Usukani ukashuka kumlaki.

"Magoti yalikwama chini, kichwa kimegusa dari, usukani tumboni," anasimulia mpakiaji mmoja huku akijishika mbavu. "Anapiga kelele, 'Jamani, linanimeza! Lori linanimeza!' Sisi badala ya kumsaidia tumelala chini kwa kicheko."

Mwalimu alikuja mbio, akabonyeza moja, kiti kikamwachia Twiga. Kisha akauliza, "Nani ameweka mbili? Nasema, nani ameweka mbili?"

Wapakiaji wakakumbuka kiti kilivyopanda, wakapima kwa macho kimo cha mtu ambaye kingemfaa. Mmoja akasema, "Mwenye kiti hiki angekuwa mrefu kidogo tungemwona."

Mama Mto alikuwa hatua chache kutoka hapo, mto wake kwapani. Angeweza kuingia ofisini. Hakuingia.

"Ni mimi," alisema.

Kumbe mchana, lori likiwa linachajiwa, Twiga akiwa amekwenda kula, yeye alikuwa anachukua kitambaa na kupanda kulifuta vumbi. Twiga alimwona zaidi ya mara moja, akamshukuru. Vumbi lilifutwa kweli. Kisha mfutaji alikaa. Alipandisha kiti mpaka akaona barabara yote, akakisogeza mpaka miguu miwili ikalala kwenye sakafu, jambo ambalo halikuwahi kumpata ndani ya lori. Siku moja alishindwa kuliacha. Akashikilia kitufe cha pili mpaka gari likalia kidogo kama kifaranga, kuonyesha kwamba limemkumbuka. Halafu akabonyeza moja, akateremka, akaenda zake.

"Sikuiba kitu," anasema sasa. "Nilitaka tu gari moja duniani linijue."

Twiga hakucheka. Alisimama akipapasa goti, kisha akasema, "Dada, kumbe vumbi ulilokuwa unalifuta ni mimi."

"Wewe una magari yote ya dunia, mdogo wangu," Mama Mto alimjibu. "Mimi nina hilo moja, tena la kuchungulia."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Twiga akatazama ngazi. "Nisingekupa," alikiri. "Lakini ungeniomba."

Mwalimu ndiye aliyekata maneno. Alimwambia Mama Mto auweke mto chini, apande. Alipanda kwa miguu yake miwili, bila kujitundika, na yadi nzima ikaona kwamba hakusita. Akabonyeza mbili. Kiti kikamfuata, usukani ukamjia. Mwalimu akaagiza azungushe gari mpaka ghala la nyuma na kuliegesha kwa kurudi kinyumenyume.

Mwanzo mguu wa kushoto ulimwaibisha. Ulikuwa unatafuta klachi, ukawa unapiga sakafu tu, du, du, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Wapakiaji wakapiga mbinja. Mama Mto akaukunja mguu chini ya kiti, akauambia kwa sauti kila mtu akasikia, "Wewe pumzika, kazi yako imekwisha." Akaondoka. Aliliegesha lori sawia kwenye ghala, mara moja, bila kurekebisha.

Mwalimu alikwenda kuongea na wakubwa wake, na ilichukua siku kadhaa za kusubiri. Mama Mto anasema hakuna siku zilizokuwa ndefu kama hizo. Mumewe anasema alishona foronya mpya mbili, akazificha, asijue kama mkewe atazihitaji tena.

Jibu lilipokuja, lilikuja mara mbili, kama kawaida ya Mwalimu. Getini haendi. Nasema, getini haendi. Asubuhi lori la umeme litakuwa lake, mchana la Twiga, mpaka la pili litakapoletwa.

Sasa ni saa saba na nusu mchana, wiki ya tatu ya utaratibu huo. Lori jeupe linaingia yadini kimya, na Mama Mto anateremka ngazi moja moja, wima, koti lake kavu. Nyonga bado inauma, anasema, lakini jioni tu, na si kila jioni. Juzi alilala ubavu wa kushoto, mumewe akaamka kumwangalia kama yuko salama.

Twiga anamsubiri chini. Hasalimii kwanza. Anazunguka gari, anatazama matairi, anafungua mlango, ananusa.

"Umekula machungwa humu ndani," anasema.

"Nimekula."

"Na kioo cha kulia umekisogeza."

"Nina shingo fupi."

"Na betri umenibakishia nusu."

"Safari yako fupi, mdogo wangu. Nusu inakutosha na chenji."

Twiga anapanda akinung'unika, anabonyeza namba yake kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na kiti kinashuka. Kabla hajafunga mlango anachukua kitambaa na kufuta usukani, mara moja, mara mbili, kana kwamba kuna vidole vya mtu mwingine juu yake. Kisha anaondoka bila kupunga mkono.

Mama Mto anabaki amesimama, anamsindikiza kwa macho mpaka geti linapofungwa. Halafu anaanza kucheka, kicheko cha polepole cha mtu aliyekutana na sura anayoijua.

"Umemwona? Mimi ndivyo nilivyokuwa. Hivyo hivyo, mpaka kununa kwenyewe." Anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kila usiku naomba hilo lori la pili lije haraka. Si kwa ajili yangu, mimi nimeshafika. Naliombea lije kwa ajili ya Twiga. Masikini, kijana anakonda."