Kendi Alipojifunza Kunikatiza

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa bado bibi arusi katika kijiji cha Githongo, na wanawake wa upande wa juu walinichagua niwasemee kwenye mkutano wa kiwanda cha kahawa. Shida yetu ilikuwa mizani. Ilifungwa mapema, na sisi tunaotoka mbali tulifika na magunia mgongoni tukakuta karani ameshaenda. Kahawa ikilala haipokelewi tena. Unaianika nyumbani iwe mbuni, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, na bei ya mbuni haijawahi kumfurahisha mtu. Afisa wa serikali aliyekuwa anakuja mkutanoni hakujua Kimeru, nami nilikuwa nimesoma kidogo, kwa hiyo Kiswahili changu ndicho kilichotegemewa.

Nilijizoeza kila nilipokwenda kuchuma. Niliisalimu mistari ya kahawa, nikaieleza shida yetu mwanzo hadi mwisho, na sikukwama mahali. Kahawa ni wasikilizaji wazuri sana.

Siku ya mkutano afisa alisimama akaongea. Alikuwa wa rika la baba yangu, na mimi nililelewa kwamba mkubwa akiongea, mdogo hutulia mpaka amalize. Nikatulia. Alitoka kwenye mbolea akaingia kwenye barabara, akarudi kwenye mbolea, kisha akatazama saa, akashukuru watu, akaenda zake. Maneno yangu yote nikarudi nayo nyumbani.

Mama mkwe hakunigombeza njiani. Tulipofika, alitua gunia lake, ambalo siku hiyo pia lilikuta mizani imefungwa, akaniambia, "Hatukukutuma ukasikilize." Akaingia jikoni. Nililia, sikufichi, na zaidi ya aibu nilikuwa na hasira, kwa sababu nilifanya vile nilivyofundishwa na kila mtu, yeye akiwemo.

Mambo haya yamenirudia kwa ajili ya Kendi, mjukuu wangu. Amesomea uuguzi, amepanga chumba Nchiru, na kazi anayoitafuta iko Ujerumani. Bila kupita mtihani wa kuongea Kijerumani, haendi. Alijifunza kwa ile programu ya simu inayozungumza kama mtu. Nimeisikia mwenyewe akiwa hapa kwangu. Unakosea, inakurekebisha kwa upole. Unarudia kosa lile lile, inakurekebisha tena, na sauti yake haibadiliki. Mimi subira hiyo sina, na sidhani nimewahi kuwa nayo. Kendi alipokwenda mtihanini alikuwa anaongea bila kusita.

Akaanguka.

Kumbe mle ndani unakaa na mtahiniwa mwenzako, mnapewa jambo la kupanga pamoja huku watahini wakisikiliza. Alipangwa na mama mmoja kutoka Embu, umri wa mama yake mzazi, na mama huyo alikuwa muongeaji. Kendi akatulia, macho chini, akingoja amalize. Muda ukaisha.

"Alikuwa mtu mkubwa, shosho," aliniambia, maana ndivyo anavyomwita bibi yake. "Ningemkatiza aje?"

"Na simu yako huwa inakufanyia aje?"

"Hiyo nikifungua mdomo tu, inanyamaza. Nikinyamaza, inaniuliza, na wewe Kendi, unaonaje?"

Nilicheka mpaka akakasirika kidogo. Kisha nikamsimulia habari ya afisa na mbolea, na neno la mama mkwe, kama nilivyokusimulia wewe.

Tukakubaliana hivi. Simu aendelee nayo, ila aiambie ijifanye mtu wa maneno mengi asiyempa nafasi mwenzake. Na kila Jumapili baada ya kanisa aje kwangu tuchambue maharagwe. Mimi niongee Kimeru bila kupumua, yeye atafute pa kuingilia na Kijerumani chake. Sielewi hata neno moja la Kijerumani, lakini mtu akinikatiza naelewa.

Jumapili ya kwanza nilimaliza habari zote za mbuzi wa jirani na koo likanikauka. Kendi alikuwa ameinamia ungo, mtoto mwenye adabu zake. Nikamwambia, "Sikukuita usikilize." Niliisikia sauti ya mama mkwe ikitoka kinywani mwangu.

Jumapili nyingine, nikiwa katikati ya maneno, aliinua mkono, akanitazama usoni, akasema neno la kuomba radhi kwa Kijerumani, na hakungoja nijibu. Akaendelea kuongea, uso umemwiva kwa haya. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kunikatiza. Iliniuma kidogo, mwanangu, na nilifurahi kuliko ilivyoniuma. Nami nikajaribu kumrudishia maneno yangu juu ya yake, akakataa kunyamaza.

Aliporudia mtihani, alinipigia simu jioni. Nikaanza: umekula, mvua ilikunyeshea, ulipangwa na nani, alikuwa mtu wa wapi.

"Shosho, samahani, ngoja kwanza nikwambie."

Nikangoja. Alikuwa amepita.

Wewe unayejifunza lugha ya watu, itumie mashine hiyo, usione haya. Itakupa maneno na itakuzoesha sauti yako mwenyewe, na ukikosea haitakwenda kukusema sokoni. Lakini itakungoja siku zote, na watu hawatakungoja. Kwa hiyo katafute wanaoongea sana, wenye haraka, hata wakubwa wako, ujizoeze kuingia katikati yao. Heshima yako usiiache nyumbani: omba radhi kwanza, halafu sema ulichotumwa. Mimi mwenyewe, kwenye mkutano wa kahawa uliofuata, nilisimama afisa akiwa bado kwenye mbolea. Niliomba radhi, nikaeleza shida ya mizani mwanzo hadi mwisho, kisha nikaketi. Mama mkwe alinisogezea nafasi kwenye benchi, karibu naye.

Mungu akupe mtu wa kukungoja umalize. Na pale utakapomkosa, akupe koo la kuanza huku wengine wakiongea.