Mwenye Jina la Trewando

Kabla sijasema lolote, jueni kwamba siku hiyo sikuwa na homa, sikuwa nimefunga, na usiku wake nilikuwa nimelala vizuri. Nayatanguliza haya kwa sababu ndiyo maswali ninayoulizwa kwanza. Na giza halikuwapo. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Agosti la Dubai, lami inang'aa kama maji, nami nilikuwa kazini na sare yangu na kigari changu cha mashuka. Kilichonipata kilinipata kweupe. Mpaka leo nikikisimulia moyo unanienda mbio, na si kwa hofu. Sikilizeni, halafu mniambie ninyi ni kwa nini.

Nasafisha vyumba katika hoteli moja ya Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Kwetu ni Kisauni, Mombasa. Mume wangu Japhet alifariki nikiwa na mimba, ghafla tu, asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Binti yetu hakuwahi kumwona babake. Alipoacha ziwa nilimkabidhi mama yangu, nikapanda ndege kuja huku. Mimi si mtu wa maneno mengi, na tangu msiba ule nilizidi kunyamaza.

Japhet alikuwa wa ukoo wa Trewando. Ndiyo, jina la Kiingereza, na Waingereza wenyewe hawalijui. Wageni wa hoteli wakilisoma kwenye kibati kifuani pangu hunyanyua nyusi. "Umelitoa wapi hilo?" huniuliza. Kwetu Kisauni majina ya namna hiyo hayamshangazi mtu. Zamani manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata vyombo vya watumwa baharini, na watoto waliookolewa wakashushwa pale, wakabatizwa, wakapewa majina ya wazungu. Mwanzilishi wa ukoo wa Japhet alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikuwa Myao. Hilo tu ndilo lililojulikana. Jina alilopewa na mamake hakuna aliyelijua, na wajukuu wake waliacha kuuliza.

Sasa hotelini tulikuwa wanawake watatu wenye jina moja la kwanza. Madam, msimamizi wetu, akachoka kutuchanganya, akaamuru kibati changu cha kifuani kiandikwe jina la ukoo. Basi nikawa Trewando. Kutwa nzima kwenye korido: "Trewando, yalla, haraka! Trewando, taulo za juu!" Sikulipenda wala sikulichukia. Lilikuwa linaniuma kidogo tu, kama kugusa kidonda juu ya bandeji.

Wiki hiyo lilikuwa linaniuma zaidi. Jumapili binti yangu alikuwa abatizwe, na shemeji yangu Elija, mdogo wake Japhet, alikuwa amenipigia.

"Shemeji, sikiza. Hilo jina lizikwe na ndugu yangu. Mimi mwenyewe nishaliacha. Vizazi vyote hivi twabeba jina la mtu hata sura yake hatuijui! Mtoto apewe jina la Kiafrika."

"Lipi?"

"Lolote."

"Lolote tu, Elija? Kama kuchagua kitenge?"

Akakasirika. Akasema padri anataka jibu jioni ya Ijumaa, na nisipojibu atajibu yeye. Je, alikosea? Sikuona kosa lake. Lakini Japhet hakutuachia nyumba wala shamba. Kitu pekee cha babake ambacho mtoto wangu angekuwa nacho kilikuwa hilo jina. Ijumaa ikafika, na mimi sina jibu.

Ijumaa hiyo ndiyo ninayoisimulia. Chumba cha mwisho cha korido yetu, upande unaotazama ndege, kilikuwa kimefungwa siku kadhaa kwa sababu kiyoyozi kilivuja. Madam akanituma nikaangalie kama zulia limekauka. Nimefika mlangoni, kadi ya kufungulia bado iko mfukoni, nikasikia sauti ya mwanamume ndani:

"Bibi Trewando!"

Mtu pekee aliyewahi kuniita hivyo duniani ni Japhet. Alikuwa akinitania: Bibi Trewando, chai imefika wapi? Na mimi nimelelewa pwani, mwanamke akiitwa huitika. Kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umekwisha kusema:

"Abee!"

Mlango ukafunguka wenyewe, polepole.

Bibi yangu angekuwa hai angenizaba kofi. Mtoto wa kwetu hufundishwa mapema: ukiitwa kwenye jua la utosi na humwoni akuitaye, funga mdomo wako. Nililijua hilo. Lakini ungekuwa wewe, na sauti inakuita kama alivyokuita mumeo, ungefunga?

Hakuwa Japhet. Kwenye kiti cha dirishani alikuwa ameketi mzungu wa makamo, ndevu nyekundu, shati zito la kizamani, miguu mitupu, suruali inachuruzika maji. Niaminini, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba huyu ni fundi wa kiyoyozi na kimemmwagikia! Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kazi kama yuko salama.

Akanijibu kwa Kiswahili. "Nipa maji, bibi. Nina kiu."

Nipa. Hakusema nipe. Hivyo ndivyo walivyosema wazee wetu wa kale, na ni nani leo asemaye hivyo, tena mzungu? Nikampa chupa yangu. Akanywa kwa pupa, koo likipanda na kushuka, na maji ndani ya chupa hayakupungua hata kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikakaa chini kwenye zulia.

"Usikimbie," akasema. "Nimelifuata jina. Mimi ni Trewando."

Akaniambia kwamba husikia kila mahali jina hilo linapotamkwa. Alikuwa seremala wa manowari. Alikufa kwa joto katika bahari hii hii ya Ghuba, wakamshona ndani ya turubai, wakamshusha majini. Hana kaburi. Jina ndilo kaburi lake, na kila likiitwa, yeye huamka kidogo.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu, jina lenyewe maana yake nini.

Weee! Laiti mngemwona! Uso ulimng'aa. Akaanza kusema kwa haraka, mikono inaruka. Kwamba kwao ni Cornwall, ile ncha ya mwisho ya Uingereza upande wa machweo, ambako zamani walikuwa na lugha yao, na kwa lugha hiyo "tre" ni kiunga chenye nyumba. Palikuwa na kiunga kimoja tu kilichoitwa hivyo, juu ya genge la bahari, na watu wake wakaitwa kwa jina la mahali pao. Ndiyo maana ni wachache. Hawakuwahi kuzidi nyumba chache, na wote walichimba bati chini ya ardhi. Bati likaisha. Ndugu yake mkubwa akaenda kuchimba shaba Australia. Wa pili akaenda Amerika. Binamu zake wakaenda Afrika Kusini, kwenye dhahabu. Kila palipochimbwa shimo, jina likashuka nalo. Yeye peke yake aliogopa mashimo, akaenda baharini.

"Kwenu bado wanapika lile andazi kubwa la nyama na viazi?" akaniuliza ghafla. "Lenye ukingo uliosokotwa kama kamba?"

Nikashika mdomo. Andazi la kamba! Hakuna nyumba nyingine ya Kisauni inayolipika ila kwa kina Trewando. Na pembeni ya kila andazi huchorwa herufi ya mlaji. Sisi tulidhani ni ili watoto wasigombane.

"Ni ili mchimbaji alijue lake gizani," akasema, akicheka. "Nilimpikia yule mtoto wenu wa Kiyao kwenye jiko la meli."

Kisha akaacha kucheka. Akahesabu kwa vidole. Kijijini kwao hakuna tena hata mmoja, nyumba ya mwisho imekuwa zizi. Afrika Kusini kimya. Amerika kuna kikongwe mmoja, hana mtoto. Australia wamebaki wasichana, wameolewa, wameacha jina. "Mombasa ndiko lilikoitwa kwa nguvu," akasema. "Asubuhi, jioni, shuleni, kanisani. Halafu hivi karibuni pakanyamaza. Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu Japhet na kamba za viatu, maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu huku Dubai. Nililia mbele ya yule maiti kama mbele ya ndugu zangu. Nikamwambia pia kuhusu Elija na ubatizo, na kwamba leo jioni jina litaisha. Nilifikiri atakasirika au ataniomba.

Hakuomba. Alisema, "Shemejio ana haki. Sikumpa yule mtoto jina langu bure. Tulibadilishana."

"Mlibadilishana vipi?"

"Alikuwa mdogo, homa imempanda, anaogopa kwamba atakufa na jina lake lipotee. Akanipa nimtunzie. Nami nikasema, basi chukua langu, ili usikae bila. Alipopona ilikuwa arudishiwe. Lakini meli ikaja huku, na mimi nikafa nalo." Akainama karibu, nikasikia harufu ya chumvi na mbao. "Mkwanda. Aliitwa Mkwanda. Mrudishie."

Nilitaka kumuuliza mengine. Ndege kubwa ikapita dirishani, kivuli chake kikafunika chumba, na kilipoondoka kiti kilikuwa kitupu. Chupa yangu ilikuwa imesimama mezani, imejaa. Koo langu lilikuwa kavu kama karatasi, na bila kufikiri nikanywa. Maji ya bahari! Nikayatema ovyo, lakini funda moja lilikuwa limeshapita.

Mwajuma wa Tanga, mwenzangu wa korido, akanikuta nimepiga magoti, nimeshika chupa.

"Shoga, wasali kabla ya wakati?"

"Onja zulia."

"Nini?"

"Chovya kidole uonje, Mwajuma, tafadhali."

Akanitazama kama anayepima kama niitiwe mlinzi. Kisha akachovya pale penye maji chini ya kiti, akaonja, akarudi nyuma hadi mlangoni. "Haya maji ya kiyoyozi gani yana chumvi?" Mimi ni mtu wa kusema kweli: kiyoyozi kile kilivuja, na zulia lilikuwa limelowa kabla. Lakini jibuni swali la Mwajuma.

Nilimpigia Elija nikiwa ngazini, mwenye furaha kama mtoto anayekwenda na habari njema. Nikamwambia natoa jibu: mtoto aitwe Mkwanda Trewando, yote mawili.

"Mkwanda ndiyo nini, shemeji? Umekutana na mganga huko?"

"Ndilo jina la babu yenu. Alilopewa na mamake."

"Nani kakwambia?"

Nikamwambia ukweli. Nikajua anatafuta maneno ya upole ya kumwambia mjane aliyerukwa na akili. Ndipo nikasikia nyuma yake sauti ya shangazi yao, Shangazi Loisi, mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo. Simu ilikuwa na sauti ya nje.

"Rudia hilo jina."

"Mkwanda, shangazi."

Akaanza kulia. Alisema alikuwa mtoto mdogo babu yake, yule mwanzilishi wa ukoo, alipokuwa anakata roho, na babu usiku kucha aliita: Mkwanda, Mkwanda, uko wapi? Watu wazima wakadhani anamtafuta rafiki. Wakatuma hata mtu akaulize mtaani, Mkwanda ni nani, aje aagane naye. Hakupatikana. "Kumbe alikuwa anajiita mwenyewe," Shangazi akasema. "Elija! Mwanangu, hata wewe sasa unalo jina lako la Kiafrika, na si la kuchagua."

Jumapili nilitazama ubatizo kwenye simu, nimejificha kwenye stoo ya mashuka na Mwajuma akinishikia mlango. Padri alipouliza jina, aliyejibu ni Elija. Alilisema kwa sauti kubwa, lote, Mkwanda Trewando. Sijawahi kumpenda shemeji yangu kama siku ile.

Na mimi? Mimi tangu lile funda sionji chumvi. Dagaa, chipsi, hata machozi yangu, vyote kwangu ni kama maji matupu. Kwenye kambi ya wafanyakazi tunakoishi wamenikataza kupika, maana natia chumvi hadi watu wanakohoa. Nilikwenda kliniki Oud Metha, daktari akaniangalia ulimi akasema ni mzima. Najua ni mzima.

Sasa nawaambia ninyi wenye majina mliyopewa na wageni, mnaotaka kuyavua. Vueni, ni haki yenu, hata Trewando mwenyewe alisema hivyo. Lakini msiyatupe kimya kimya. Tamkeni kwanza, mmwulize mwenye jina kama kuna kitu chenu alichokuwa anawatunzia. Anasikia, na huenda amesimama karibu kuliko mnavyodhani, miguu inachuruzika. Akiwaomba maji, mpeni. Atakachowarudishia msikinywe.