Mlango wa Swima

Mtunza nyumba za kupanga pale mjini Baraka ana chupa ya mawese na unyoya wa kuku. Kila asubuhi hubisha hodi kwenye milango yote sita, hata ya vyumba ambavyo wapangaji wake wamekimbizwa na vita, kisha hupaka bawaba mafuta huku akizinong'oneza kama wagonjwa. Siku patroni, mwenye nyumba hizo, alipomwambia achague, abaki hapo na milango yake au apewe baiskeli asimamie nyumba zote za Swima, Mboko na Fizi, alijikuna kisogo. Cheo alikitamani, safari hakuitaka. "Patroni, mi nakubali kuwa shefu ya zote," alisema, "lakini nyumba yenye iko na shida, ikuje yenyewe hapa." Patroni alicheka hadi akakohoa, akampa siku tatu za kufikiri.

Siku ya pili risasi zililia Swima. Jioni wapangaji wa huko wakaingia uani, mabati vichwani, na nyuma yao baba mmoja ameinama chini ya mlango mzima, ili askari wasije wakaufanya kuni. Mtunza nyumba akachovya unyoya, akaugonga ule mlango mgongoni mwa mtu.

"Hodi?"

"Karibu, shefu," sauti ikajibu kutoka chini.