Mukuyakuya Aliyezaliwa Hapa

Hapa mjini Kamina tuna adabu sana siku hizi. Zamani mtu wa Kasai, mkoa wa jirani, aliitwa kilulu, yaani mdudu, na wakiwa wengi, bilulu. Neno hilo lilirushwa pamoja na mawe, watu wakasukumwa mpaka stesheni na magodoro yao kichwani. Leo hatutukani tena. Leo tunasema mukuyakuya, yule aliyekujakuja tu. Na mbele ya pasta, ambako hata matusi huvaa tai, tunatumia Kifaransa: non-originaire, asiye wa asili ya hapa. Ni tusi lilelile, limefuliwa, limepigwa pasi, limetiwa manukato. Bado linanuka.

Mama yangu alizaliwa kwenye kampi ya reli, Kamina hii hii, baba yake, mtu wa Kasai, akifanya kazi ya kukaza reli. Alikuwa msichana mdogo walipofukuzwa. Alirudi mtu mzima, na mume, na cherehani, na mimi tumboni. Sasa tazama akili ya mji wetu: ukifukuzwa ulikozaliwa, kisha ukarudi, basi wewe umekuja. Akili nzuri. Inamfaa sana aliyefukuza.

Prezida wa bamama, yaani mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, yeye ni wa asili. Aliletwa kutoka Mulongo, mbali lakini mkoa huu huu, kama bibi arusi, na alipoteremka kwenye treni ilibidi aulize njia ya kwenda sokoni. Mama hajawahi kuuliza njia katika mji huu.

Kanisa lilipokuwa linajiandaa kufungua jengo jipya, prezida alileta nyumbani kwetu vitenge vya sare, vyenye tausi wa bluu, ili mama avishone. Siku ya sherehe bamama wangesimama mbele, waimbe, wapigwe picha. Mama alikuwa na hamu moja tu: asimame nao, ndani ya sare ile. Sherehe iliyopita alisimama pembeni na nguo yake ya kawaida, na picha ilipofika kwenye WhatsApp ya kanisa, ilikuwa imekatwa. Kiwiko chake tu ndicho kilichobaki. Mama aliitunza picha ile kwenye simu yake, kiwiko na vyote.

Akashona. Nyumba ikajaa tausi mpaka tukala tumesimama.

Prezida alipokuja kuchukua nguo, alizigeuza, akavuta mishono, akaridhika.

"Eh, mama fundi! Mukono yako iko na baraka!"

"Na yangu, mama prezida? Kitenge yangu iko wapi?"

"Iliisha, mama. Usikasirike. Njo comité ilisema benye asili batangulie. Benye kukuya bataikala nyuma, na bageni."

"Minyi niko mugeni?"

"Apana, mama, hauko mugeni! Uko non-originaire."

Alilitamka polepole, kama anampa mtoto peremende.

Alipoondoka na tausi wake, nilipandisha sauti. "Mama, ungezichoma zote na pasi!"

"Nichome kazi yangu mwenyewe? Weye unaandikaka bitabu, njo maana hauna akili."

Kisha akachukua ufagio, akavuta mabaki yote yaliyoanguka chini ya cherehani. Mabaki ni ya fundi, hiyo ni desturi, hata comité, kamati yao, haijaipigia kura. Akaanza kuyaunganisha, kipande kwa kipande, akiimba wimbo wa Kikasai ambao huuimba akiwa na hasira tu.

Siku ya sherehe alipita mabenchi ya wageni bila kuyatazama. Alipita mstari wa nyuma. Akaingia mstari wa mbele, katikati kabisa, akamshika prezida mkono kama dada yake. Gauni lake lilikuwa la tausi wasio na vichwa, mikia imesimama juu, mabawa yameota kwenye makwapa. Sijaona nguo nzuri kama ile.

Prezida tayari alikuwa amevaa tabasamu la picha. Alisema bila kulivua:

"Mama, njo nini hii? Kitenge uliipata wapi?"

"Si ulisema iliisha, mama prezida? Njo vile. Bilulu bilikula kitenge. Hii njo bilibakisha."

Hakunong'ona. Nyuma yao mama mmoja alicheka, akaziba kinywa kwa leso akiwa amechelewa. Neno lile, ambalo wote walijifanya wamelisahau, lilikuwa limesimama mbele ya madhabahu, na hapakuwa na hata mtoto aliyeuliza maana yake. Prezida alijaribu kuchomoa mkono wake, mama akaubana. Kifaransa chote kilikuwa kimemkimbia.

"Bamama, mukaribiane!" mpiga picha akapaza sauti. Mama akakaribia zaidi.

Jioni tulisubiri picha ile kwenye WhatsApp. Haikuja. Ilikuja baadaye, baada ya comité kukutana juu yake, nzima, bila kukatwa: prezida amefumba macho, mama amemng'ang'ania mkono, tausi wenye vichwa na wasio na vichwa wamegandamana. Walitafuta sana, nadhani, mahali pa kupitisha mkasi.

Wangemkata mama, wangekata na prezida.