Mitere Sita ya Jescah Musimbi

Mwalimu wangu wa biolojia, Jescah Musimbi, hakupenda kusimulia habari zake. Haya niliyo nayo niliyapata kwake kidogo kidogo, katika miaka minne aliyonifundisha mjini Kakamega. Mengine nilipewa na kaka yake, Bramwel, ambaye ukimkalisha na kikombe cha chai hasiti kusema.

Alizaliwa ukingoni mwa msitu, upande wa Shinyalu, mahali ambapo tumbili huvuna mahindi kabla ya mwenye shamba. Mwaka wa 1964, uhuru ukiwa haujatimiza mwaka, alipata nafasi ya kusomea biolojia chuo kikuu kule Nairobi. Mama yake alimwuliza anakwenda kujifunza nini hasa.

“Viumbe hai, Mama. Mimea na wanyama.”

“Kwani hawa tunaoishi nao hapa wamekufa?”

Mama alicheka, kisha akamchinjia ingokho, kuku wa kumuaga, na jioni hiyo akamwekea firigisi kwenye sahani yake. Kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Baba alitazama, akaendelea kumega obusuma, ule ugali wake.

Darasani walikuwa thelathini na wanne, wasichana watatu tu. Wiki ya kwanza maabarani kila mmoja aliwekewa hadubini na ngozi nyembamba ya kitunguu, wakaambiwa wachore wanachokiona. Jescah aliona mistari myeusi iliyopinda. Akaichora yote, mmoja mmoja. Mhadhiri, Mwingereza mwembamba aliyependa kutembea huku mikono iko nyuma, akasimama begani pake.

“Bi Musimbi,” alisema, “umechora kope za macho yako mwenyewe.”

Darasa zima likaangua kicheko. Jescah alitamani ardhi ipasuke immeze. Mhadhiri hakucheka. “Lakini umechora ulichokiona,” akaongeza. “Nusu ya wenzako wamechora kilichomo kitabuni.”

Miaka mitatu ilipita kwa kupasua vyura, kukausha majani kati ya magazeti na kukariri majina ya Kilatini. Alipopata shahada ya kwanza, yule mhadhiri alimwita na kumwuliza kama angependa kuendelea na uzamili, na kama ana swali la kuchunguza.

“Kwetu kuna mti unaitwa mutere,” Jescah akamwambia. “Mikubwa ipo, tena inazaa sana. Miche inaota. Lakini mitere ya kimo cha mtoto sijawahi kuiona msituni. Sijui inakwenda wapi.”

“Hilo ni swali,” alisema mhadhiri. “Nenda ukakae nalo.”

Akarudi nyumbani mapema mwaka wa 1968, akapima kipande cha msitu chenye mitere mikubwa sita. Akaiandika namba kwa rangi nyeupe, moja hadi sita. Chini yake, kila mche uliochipuka aliuchomekea kijiti. Kila mwezi alipiga magoti kwenye majani yaliyooza na kuhesabu. Karibu miche yote ilikufa kabla ya kufika kimo cha kiganja. Alishuku wadudu, akashuku ukungu, akashuku udongo na kuupeleka Nairobi ukapimwe. Udongo haukuwa na neno. Mwaka mzima, aliniambia, daftari lake lilikuwa la matanga.

Machi 1969 alikwenda chuoni wiki tatu kuhudhuria masomo. Aliporudi na kuingia msituni, alidhani amepotea njia, kwa sababu mahali pake palikuwa na jua. Kisha akaona visiki. Sita. Unga wa msumeno ulikuwa umetapakaa juu ya vijiti vyake, na kwenye gogo moja lililoachwa kwa kuoza ndani alisoma namba yake mwenyewe, nne.

Hakuhitaji kuuliza sana. Bramwel alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kujenga shule ya harambee, na kuta zilikuwa zimesimama tangu Krismasi bila paa. Alimkuta kaka yake uwanjani akipanga mbao.

“Bramwel, hizi mbao mmezitoa wapi?”

“Msituni. Ile miti ya rangi nyeupe.”

“Kwa nini hiyo?”

“Si ilikuwa imetiwa alama ya kukatwa? Watu wa misitu huweka alama hivyo hivyo.” Alimtazama dada yake usoni, sauti ikapungua. “Mimi najua wewe unahesabunga vitoto vya miti. Mikubwa sikujua ni yako.”

“Mlikuwa na kibali?”

Bramwel aligeuka, akaendelea kupanga mbao.

Siku hizo Jescah alilala tu. Alimwandikia mhadhiri kwamba utafiti umekwisha. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekolea, alikwenda kung'oa vijiti vyake ili aondoke. Aliinama kwenye kijiti cha kwanza, akasita. Mche ulikuwa hai, umefika gotini. Wa pili hivyo hivyo. Alihesabu sabini na mmoja. Iliyokufa tangu Machi ilikuwa tisa. Akaketi juu ya kisiki na kutazama juu, pale yalipokuwa majani na sasa palikuwa na mbingu tupu. Hawakuwa wadudu wala udongo. Miche ilikuwa ikifa kwa kukosa mwanga, na waliokuwa wakiinyima ni mama zao.

Alilia. Aliniambia hakujua ni kwa furaha au kwa uchungu, na hakuwahi kujua.

Alipokuwa akiandika tasnifu, Bramwel alimjia.

“Utaandika jina langu?”

“Jina, hapana. Lakini siwezi kuandika kwamba ilianguka kwa upepo.”

Bramwel alikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu alivaa koti lake la kanisani, akatembea mpaka ofisi ya msitu, akajitaja mwenyewe. Aliamriwa yeye na kamati wapande miche mia mbili. Walipotaka kuanzia pale penye visiki na miche yake, Jescah aliwafukuza kwa jembe.

Katika tasnifu aliandika: miti sita ilikatwa na wanakijiji kwa ajili ya paa la shule. Mhadhiri alipigia mstari maneno sita ya mwisho.

“Haya si biolojia.”

“Ndiyo sababu ya mwanga kuingia, bwana. Nimechora nilichokiona.”

Mhadhiri alizungusha kalamu vidoleni kwa muda mrefu, akafungua ukurasa uliofuata.

Alifaulu. Wakamwomba abaki Nairobi kwa shahada ya uzamivu, akasema atafikiri, akaja kutufundisha sisi. Kila Januari alitupeleka msituni na kamba ya kupimia. Siku moja nilimwuliza kama basi ni vizuri kukata miti. Aliendelea kukunjua kamba.

“Mmoja ukianguka, ni vizuri kwa miche,” alisema. “Sita, sijui. Shika mwisho wa kamba, uvute.”