Gari Jeusi la Mzee Ameir na Chumvi ya Kusi

Nakumbuka siku moja ya upepo wa kusi, mwanangu, gari jeusi lilipoingia mtaani kwetu Chwaka na watoto wakalikimbilia wajitazame sura zao mlangoni. Jana umenambia na wewe umepata jeusi, jipya, na huko Mbweni ulikohamia upepo wa bahari unaingia mpaka sebuleni. Ukaniuliza ulitunze vipi. Mimi si fundi wa magari, lakini kutunza gari nlijifunza kwa jirani. Kaa nikuhadithie.

Gari lile lilikuwa la Mzee Ameir. Alikuwa baharia ujanani mwake, mkewe keshafariki, na nyumba yake na yetu zilitengwa na ua wa makuti tu. Mwanawe wa pekee, Makame, alikuwa kazini Omani, na kwa miaka mingi hakujaaliwa kurudi. Mwisho akamletea baba yake gari. Akampigia simu: "Baba, lishike hivyo hivyo mpaka nije. Nataka unipokee nalo uwanja wa ndege." Mzee akaliweka neno lile kama amana.

Na wewe unaijua Chwaka wakati wa kusi. Nguo unaanika safi, unaanua ina chumvi. Bati jipya linaota kutu kabla hujalizoea. Sasa fikiria gari jeusi, ambalo hata alama ya kidole inaonekana kwa mbali. Maji ya visima vyetu nayo yalikuwa na chumvi, kwa hiyo mzee akakinga maji ya mvua ya masika kwenye mapipa, akayawekea vifuniko. Kila asubuhi analimwagia gari kwanza, taratibu, kutoka juu kuja chini, mchanga na chumvi viondoke vyenyewe. Halafu ndipo anapita na kitambaa laini alichokata kwenye kanzu yake kuukuu. Kitambaa kikianguka chini hakitumii tena mpaka kifuliwe. Sabuni ya unga hataki kuiona. Kunguru akichafua, hakwangui. Anaweka kitambaa kibichi juu yake, anangoja mpaka palainike. Akimaliza analipaka nta.

Mwanzo alilifunika kwa turubai. Siku ya pili akalitoa, kwa sababu upepo ulilipigapiga turubai na mchanga ndani yake, ukawa unasugua rangi. Akajenga banda la makuti, upande wa baharini akauziba kabisa. Watu walicheka. Walisema gari la Mzee Ameir linaoga maji matamu kuliko wanayokunywa wao. Yeye akijibu tu, "Mwenyewe yuko njiani."

Kweli, habari ikaja kwamba Makame amepata ruhusa, na tarehe ikatajwa. Ungemwona mzee! Akanyoa ndevu, akapaka nyumba chokaa, na gari ukilitazama unaona mawingu yanapita juu yake.

Mimi wakati huo nlikuwa na mimba yangu ya kwanza. Siku moja kabla ya Makame kufika, adhuhuri, uchungu ukanijia, na kabla sijajua hili wala lile nikaona damu. Nyingi. Mkunga alinitazama mara moja akamwambia baba yako, "Huyu hapa hapamfai. Mjini, sasa hivi." Gari za abiria zilikuwa zishaondoka. Pikipiki singeweza kupanda. Baba yako akasimama uani, mikono kichwani.

Mzee Ameir alisikia kelele. Hakuja kuuliza. Nlisikia injini tu.

Njia ya kufika mlangoni kwetu wakati ule ilikuwa ya watu wa miguu: mawe ya matumbawe chini, miiba pande mbili. Hapakuwahi kupita gari. Nlikuwa nimelala mkekani na niliisikia ile miiba ikikwaruza bati la gari, mwendo mrefu, kama mtu anachana kitambaa kipya. Hata katika maumivu yale nlijua ni kitu gani kinachanika.

Wakaninyanyua. Baba yako akaona ile milango ilivyokwaruzika, akaangalia na ile damu yangu, akasema, "Mzee, gari lako..."

"Nyamaza wewe," mzee akamwambia. "Mshike mkeo kichwa."

Njia nzima akawa ananisomea dua. Tulifika hospitali, wakanikimbiza ndani, na kabla ya magharibi dada yako Mwanakheri akalia. Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine.

Niliporuhusiwa kurudi Chwaka, Makame alikuwa keshafika. Mzee alikwenda kumpokea na gari lile lile, mistari myeupe ubavuni kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Nlikuwa ndani namnyonyesha mtoto nikawasikia ng'ambo ya ua.

"Baba, neno moja tu nlikuomba. Moja."

"Miiba, mwanangu. Nlipita pabaya."

"Huko miibani ulikuwa unakwenda wapi?"

"Twende ndani, umetoka safari," mzee akasema. Nikangoja anitaje, hakunitaja. Nikasikia Makame anavuta pumzi kama mtu anayejizuia asilie, na hapo ndipo nilipomwelewa na yeye. Hakuwa na uchoyo wa gari. Miaka yote ile alikuwa akiiwaza siku moja, na siku ile ilimjia na alama.

Nikamfunga mtoto vizuri, nikatoka, nikishika ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetoka? Hujafika arubaini wewe."

"Kaka Makame," nikasema, "miiba hiyo ni ya njia ya kwetu. Baba yako alinifuata mimi. Mimi na huyu."

Makame akamtazama mtoto. Akafungua mlango wa nyuma, akaliona doa la damu kwenye kiti, ambalo mzee alilisugua likakataa kutoka. Akakaa pale pale kizingitini mwa gari.

"Kwa nini hukunambia, Baba?"

"Ningekwambia," mzee akasema, "kila ukimtazama huyu mtoto ungeona mikwaruzo. Sikutaka." Kisha akamwekea mkono begani. "Ile rangi nlikuwa nakutunzia wewe. Na wewe ushakuja."

Makame akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Alilia, mwanangu, mtu mzima, na wala hakuficha.

Kesho yake walifanya kazi pamoja, baba na mwana. Mikwaruzo midogo ikatoka kwa dawa ya kung'arishia. Ile mirefu wakaizibia rangi upesi, maana hewa ya chumvi ikishapata mlango haingoji. Ukiitazama kwa karibu na kulinganisha rangi, ilionekana. Hakuna aliyelinganisha.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Lioshe gari lako kila siku ya kusi, kwa maji ya mfereji, ya bombani, na usilifute kavu hata ukiwa na haraka. Lipake nta, liegeshe pasipofikiwa na upepo wa bahari, na alama ikiingia izibe mapema. Usione haya kulitunza. Kutunza kitu ni heshima kwa aliyekupa na kwa jasho lako. Lakini jirani akiita, toka nalo kama lilivyo, upite popote pale. Na mtu wako akikujia na hasara, muulize kwanza alikuwa anakwenda kumwokoa nani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe safari za heri, akukinge na ajali na shari ya njia, na viti vya gari hilo vikaliwe na watu wanaokupenda. Amin.